Nani Atamgeuza Bibi?

Wengi wetu tuna mzee nyumbani, na huja siku mzee huyo akashikwa na kiharusi au akavunjika nyonga, akalala asiinuke. Ndugu hukusanyika, dua husomwa, uji hupikwa. Majuma machache baadaye, anayemwosha hukuta jeraha juu ya makalio, jeusi katikati, lenye harufu. Watu husema ni uzee. Si uzee. Ni kidonda cha kitandani, na mara nyingi kingeweza kuzuiwa na mtu asiye na cheti chochote.

Mgonjwa akilala tuli, nyama yake hubanwa kati ya mfupa na godoro. Mishipa midogo ya damu huzibwa, na baada ya saa chache nyama huanza kufa, pengine ndani karibu na mfupa huku ngozi ya juu ingali nzima. Hatari zaidi ni penye mfupa karibu na ngozi: mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko na kisogo.

Zamani wauguzi walisugua sehemu hizo kwa spiriti na mafuta. Doreen Norton, muuguzi Mwingereza, na wenzake walichunguza wagonjwa wazee hospitalini na kuchapisha matokeo mwaka 1962: kilichosaidia ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, si dawa za kupaka. Waliacha pia kipimo cha mambo 5: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza kitandani, na kuzuia haja. Kila jambo lina alama 1 hadi 4. Anayepata 14 au pungufu yuko hatarini.

Aya ya 18 ya Suratul Kahf inataja vijana wa pangoni waliogeuzwa kulia na kushoto usingizini, na Ibn Kathir anapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wasingegeuzwa, ardhi ingewala. Sisemi aya ilishuka kufundisha uuguzi. Nasema tu kwamba sisi hatuna haja ya kushangaa tukiambiwa aliyelala ageuzwe.

Kanuni tunayofundishwa ni kila saa 2: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Ubavuni asilalie nyonga moja kwa moja. Aegemee kidogo, kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Msimburute, wawili wamwinue kwa shuka. Akilowa mkojo, abadilishwe papo hapo. Ndugu mmoja aliniambia wao humgeuza mama yao kila baada ya swala. Nia njema, lakini kati ya Isha na Alfajiri hapa Uganda ni karibu saa 9.

Jambo linaloniuma nililipata wodini nikiwa mwanafunzi. Kitabu kilisema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, na picha zake zote zilikuwa za ngozi nyeupe. Asubuhi tatu nilimkagua mzee mmoja nikaandika kwamba ngozi ni salama. Siku ya nne kisigino kilipasuka. Mkewe, aliyekuwa akimlisha na kumwosha, alikwisha kuniambia kwamba pale pana moto na pamekuwa pagumu. Sikuandika.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Basi tumia mkono. Linganisha na ngozi ya jirani: joto au ubaridi, ugumu au ulegevu, maumivu, rangi iliyokoza. Ukikuta dalili, usipasugue. Mgonjwa asilalie tena upande huo. Pakichubuka, apate mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Bandikeni karatasi ukutani: saa, upande aliolazwa, jina la aliyemgeuza. Vijana wanne wanaweza kugawana usiku. Wewe unayerudi likizo, chukua zamu ya saa nane.