Namba ya Jirani Si Mali ya Muuzaji

Wasomaji wetu wa Kibaha na Kisarawe watatambua mara moja twasema juu ya nini. Mtu afungua simu yake asubuhi apate habari za nyumbani, naye apata habari za viwanja. Kiwanja kipo Mlandizi, kiwanja kipo Masaki ya Kisarawe, malipo kidogo kidogo, dakika tano toka lami. (Dakika tano hizo ni za nani? Za pikipiki wakati wa kiangazi, au za mama mwenye mzigo wakati wa masika?) Tena tangu reli ya umeme ianze kuchukua abiria mwaka 2024, yenye stesheni za Pugu, Soga na Ruvu, kila shamba limekuwa "karibu na reli".

Biashara yenyewe hatuilaumu. Mwenye mikorosho Maneromango ana haki ya kuuza, mwenye mshahara Dar es Salaam ana haki ya kununua, na dalali awakutanishaye astahili ujira wake. Wala hatuna neno na wauza vifaranga wa Kongowe, waliogundua ya kuwa picha moja katika Instagram au Facebook yaweza kuwaokoa na kutembea juani mchana kutwa. Anayetaka huitazama, asiyetaka hupita. Tunalotaka kulichunguza leo ni lile tangazo limfikialo mtu asiyeliomba, kwa namba ambayo hakumpa mwuzaji, mara kumi kwa juma.

Jambo hili si geni. Mwezi wa Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk, mtu wa kampuni ya kompyuta iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alipeleka barua moja ya biashara kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa siku zile, ARPANET. Wengi walikasirika, naye akakanywa. Lakini mashine ziliuzwa! Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo. Atangazaye katika gazeti hulipia nafasi yake, kwa hiyo hupima maneno. Apelekaye ujumbe kwa watu elfu hulipa fedha kidogo sana. Mmoja akinunua, yeye amepata faida, na wale 999 wamelipa gharama kwa wakati wao na utulivu wao pasipo kuulizwa. Basi haoni sababu ya kuacha.

Lakini usumbufu ni sehemu ndogo ya hasara. Nani asiyeujua ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mwizi hamjui ampelekeaye. Hutupa wavu kwa watu wengi, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo mzazi ambaye saa hiyo hiyo alikuwa anataka kumpelekea mwanawe ada. Sasa tumtazame mwuzaji mwaminifu. Naye ajitokeza kwa namba isiyojulikana, hataji jina wala ofisi, na humhimiza mtu alipe leo fedha ya kushikilia kiwanja kwa kuwa kesho bei itapanda. Mzee wa Mzenga atawatenganisha kwa alama gani? Mwaminifu huyo hakuiba kitu. Ila amewazoeza watu kuzipokea haraka na maneno ya asiyejulikana, na mwizi ajapo hukuta njia imekwisha kufyekwa. Hili ndilo tunaloliona kuwa zito, nasi twashangaa kwamba wafanyabiashara wenyewe hawalipigii kelele, maana jina lao ndilo linaloharibika.

Sheria ya nchi hailali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 32, yakataza kupeleka matangazo ya biashara yasiyoombwa, isipokuwa mpokeaji ameridhia, mpelekaji amejitambulisha na kueleza kusudi lake mwanzoni kabisa, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa mengine. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, yaihesabu namba ya simu kuwa habari ya mtu, ambayo mwingine haichukui na kuitumia apendavyo. Kanisa nalo lilikwisha sema: Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, katika waraka wake wa mwaka 1997 juu ya maadili ya matangazo, lilidai mambo matatu, yaani ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii.

Basi mwuzaji afanyeje? Amwombe ruhusa mteja anapokuja dukani. Ataje jina lake, mahali alipo, na bei. Auzaye kiwanja aseme wazi kama kimepimwa au hakijapimwa, na hati zake zaweza kuonekana wapi. Mtu akisema basi, iwe basi. WhatsApp ina orodha ya matangazo ambayo ujumbe wake huwafikia tu wale waliokwisha kuihifadhi namba ya mpelekaji. Huyo ndiye mteja kweli, na mia wa namna hiyo wapita elfu waliookotwa. Naye mnunuzi asilipe chochote kabla ya kufika shambani kwa miguu yake, kuuliza serikali ya kijiji au ya mtaa, na kupita ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ujumbe wa wizi asiujibu, aupeleke kwa namba 15040 iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Yametufika hata sisi Wakristo. Katika jumuiya zetu ndogondogo watu wametoa namba zao wapate habari za misa, za wagonjwa na za misiba. Tangazo la msiba hutolewa saa moja jioni. Kabla ya saa mbili limefunikwa na mabati, vifaranga na viwanja, na wapo wasiofika mazikoni kwa sababu hiyo. Kilichowekwa amana kwa jambo moja hakitumiwi kwa lingine bila idhini ya mwenyewe. Hiyo ni amri ya saba, wala haihitaji mwanasheria. Viongozi wa jumuiya wana uwezo wa kuanzisha kundi la pili la biashara, aingie apendaye na atoke apendaye. Humo mwenye vifaranga na atangaze mpaka achoke.