SOMO LA ROBO HII: KUOSHA MAGARI NA BODABODA KWA MTAJI MDOGO



Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Tangu hapo familia zinatafuta kipato kisichotegemea shamba peke yake. Somo hili linahusu kazi moja ambayo vijana wawili wanaweza kuianza: kuosha vyombo vya moto kwa kumfuata mteja alipo.

Kwa nini Kibiti?

Mji wa Kibiti uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yaliacha kusubiri kivuko cha Mto Rufiji, na safari za kusini ziliongezeka. Bungu nako kuna njia panda ya Nyamisati, bandari ya wasafiri wa Mafia. Masika huleta tope, kiangazi huleta vumbi. Wateja wapo stendi, kwenye nyumba za wageni, maofisini na vijiwe vya bodaboda. Visiwani ndani ya delta hakuna magari, hivyo kijana wa huko itambidi ahamie barabarani.

Vifaa vya kuanzia

Bei hizi ni za mfano. Kamati iulize bei za sokoni kwake.

- Madumu 4 ya lita 20: sh. 16,000
- Ndoo 3: sh. 15,000
- Sponji na taulo laini: sh. 14,000
- Brashi 2: sh. 6,000
- Sabuni ya maji: sh. 10,000
- Polishi ya matairi na dashibodi: sh. 9,000
- Mabuti jozi 2: sh. 20,000

Jumla: sh. 90,000. Baiskeli ya kubebea madumu ikodiwe kwanza.

Hesabu ya siku

Tuseme wameosha bodaboda 4 kwa sh. 2,000 kila moja na gari dogo 1 kwa sh. 5,000. Wamepata sh. 13,000. Bodaboda imetumia dumu 1 na gari madumu 3, jumla madumu 7. Dumu likiwa sh. 300, maji ni sh. 2,100. Sabuni sh. 1,000, baiskeli sh. 1,500. Inabaki sh. 8,400. Wakirejesha sh. 1,500 kila siku ya kazi, mkopo unaisha kwa siku 60, na kila mmoja anabaki na sh. 3,450.

Sasa dumu lipande hadi sh. 600 wakati wa kiangazi. Kila mmoja anabaki na sh. 2,400. Ndiyo maana tunasema: biashara hii ni biashara ya maji. Asiyejua bei ya dumu mwaka mzima hajui kama ana faida.

Namna ya kuosha

1. Egesha kivulini. Sabuni ikikauka juani huacha madoa.
2. Mwaga maji kwanza kuondoa mchanga. Mchanga ukisuguliwa hukwaruza rangi.
3. Ndoo moja iwe ya sabuni, ya pili ya kusuuzia sponji, ya tatu ya magurudumu tu.
4. Anza juu, shuka chini. Kausha kwa taulo.
5. Injini ya bodaboda ipoe kwanza. Ukimaliza, tia mnyororo oili.

Usitumie maji ya chumvi ya mikondo ya delta, huleta kutu. Wala gari lisipelekwe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo hizo. Povu na oili vikiingia mtoni, anayechota maji chini ya mkondo ndiye anayeumia.

Neno kwa kamati na wafadhili

Mashine ya presha hupendeza kwenye picha ya makabidhiano. Lakini inahitaji umeme au petroli, fundi na vipuri, na deni lake ni kubwa. Kijana akishindwa kulipa, kamati inapoteza fedha, na yeye anaona haya kurudi kwenye kikundi. Tunashauri ndoo kwanza. Daftari likionyesha miezi mitatu ya marejesho yasiyokatika, wateja wa kudumu na kiangazi kimoja kilichovukwa, hapo mashine izungumzwe. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Maswali ya kujadili

1. Dumu la maji ni shilingi ngapi kwetu Machi, na ni shilingi ngapi Septemba?
2. Ni wateja gani kumi ambao vijana wetu wanaweza kuwafikia kwa baiskeli?
3. Mmoja akiugua wiki mbili, marejesho yatakuwaje?
4. Maji machafu yatamwagwa wapi?

Kamati isiyoweza kujibu swali la kwanza isitoe mkopo bado. Imtume mtu kisimani akaulize.