Nilivyolipima jiko la udongo

Hapa Lusenda, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, kuni zinatuchosha kuliko kupika kwenyewe. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 2015 kwa Warundi waliokimbia machafuko kwao, wenyeji na wageni tunapanda milima ileile, na mwanamke akichelewa kurudi hakuna anayetulia nyumbani. Ndiyo maana nikajenga jiko la udongo. La kwanza lilipasuka siku ya nne.

Nikaanza upya, safari hii na udongo wenyewe. Nilichota wa mtoni na wa kichuguu, nikaulowesha, nikaukanda, nikauviringisha mwembamba kama kidole, kisha nikaukunja. Wa mtoni ulikatika palepale, mchanga umezidi. Wa kichuguu ulikunjika vizuri, lakini kitonge chake kilipokauka kilijaa nyufa. Mwishowe vikombe viwili vya kichuguu kwa kimoja cha mchanga, pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, vilikubali. Kipimo hicho usikiige, udongo wa kwako si wa kwangu. Finyanga vitonge vyako, vitie alama, vikaushe kivulini.

Jiko likishakauka, lishindanishe na mafiga. Sufuria ileile, kifuniko kilekile, maji lita 3, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Funga mafungu mawili ya kuni kavu yenye uzito sawa. Mzani niliuazima kwa muuza ndagala. Tazama saa ya simu. Maji yakichemka tu, zima moto, pima kuni zilizobaki, uandike. Rudia mara 3, maana siku moja hudanganya.

Mara ya kwanza mafiga yalishinda. Jiko langu lilijaa moshi kwa sababu sufuria ilibana ukuta, moto haupumui. Nikakwangua mpaka kidole kikapita kati ya sufuria na ukuta, nisiguse kingine chochote. Kesho yake maji yalichemka mapema na kuni zikabaki. Nikapanua na mdomo wa jiko. Moto ukawa mkubwa, kuni zikaisha upesi. Nikauziba tena. Ningebadilisha yote mawili siku moja, nisingejua lipi limeniponya na lipi limeniharibia.

Jirani yangu Mrundi alitazama daftari langu, akasema, "Dada, sisi hatuli maji." Kweli, maharagi hukaa motoni muda mrefu. Jumamosi tutayapima: sufuria moja ya yaliyolala majini usiku kucha, nyingine ya makavu. Kuni nimeshazifunga.