Mng'ongo Dume Usikatwe

Huko Ukambani twaulizwa mara nyingi: mbona huu mng'ongo (muua) hauzai, si tuuchome makaa? Ngojeni kwanza. Kama mpapai, mng'ongo kwa kawaida una dume na jike. Jike ndilo huzaa, lakini lataka chavua, yaani unga wa maua ya dume, unaoletwa na nyuki. Mkimaliza madume, majike mtayaangalia bure.

Mkitaka mbegu bora, chagueni jike lenye matunda makubwa na matamu. Kabla maua hayajafunguka, funikeni shada kwa mfuko wa kitambaa chepesi, nyuki wasiingie. Yakifunguka, leteni maua mabichi ya dume, mpanguse unga wake juu ya yale ya jike, mfunike tena na kufunga uzi wa alama.

Kazi iko kwa baba: yeye hana tunda la kuonja! Hupimwa kwa watoto wake, na hiyo ni miaka.

Miche ya mbegu huja dume na jike. Anayetaka matunda kwa hakika apandikize kijiti cha jike juu ya mche, bora dume liwe karibu.