KIFAFA KISICHOANGUSHA MTU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, sikilizeni. Mwenzako ana nyundo mkononi; mara anakaza macho. Unamwita, haitiki. Anatafuna bila chakula, vidole vinachezea kifungo cha shati. Baada ya dakika moja ao mbili anarudiwa na akili, lakini hajui kilichopita. Usiseme haraka: amelewa, ao amelogwa. Kifafa hufanya hivyo, hata bila kumwangusha mtu.

Kinatoka wapi? Katika sehemu ya ubongo iliyo kandokando ya sikio. Mara nyingine mgonjwa huonywa mbele: kitu kinapanda kutoka tumboni, harufu ngeni, woga wa ghafula.

Wanganga walivumbua nini? Mwaka 1965 Henri Gastaut na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walieleza namna sindano ya diazepamu inavyokata kifafa kisichokoma. Mwaka 1979 Gastaut alitangaza kwamba klobazamu, ndugu yake diazepamu, inasaidia pia wenye kifafa. Lakini dawa za ukoo huu zina kasoro: kwa wagonjwa wengi mwili huzizoea, nguvu yake ikapungua. Kwa hiyo diazepamu ni ya kuzima moto. Dawa ya kila siku mara nyingi ni nyingine, kama karbamazepini.

Chunga mambo matatu:

1. Vidonge hivi vinaleta usingizi. Usiendeshe gari wala mashine.

2. Usivichanganye na pombe. Pumzi inaweza kukatika.

3. Usiviache ghafula. Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mbele.

Basi usinunue kidonge kimoja-kimoja bila karatasi ya munganga, hata ukikipata kwa bei ndogo pale Nyawera. Muuzaji hajapima ugonjwa wako. Katika Bukavu, kituo cha SOSAME hutunza wenye kifafa.

Mwenzako akishikwa, mwondoe polepole mbali na shimo, moto na mashine. Usimfunge, usimtie kijiko kinywani. Angalia saa: kikipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Na wewe mwenye ugonjwa, usifiche. Mwambie munganga wa kazi, upewe kazi isiyo ya hatari. Kuficha kunaweza kukuua, wewe na wenzako shimoni.