Uzito wa Neno "Talent"

Vijana wetu wasomao Kiingereza hulikuta neno "talent", nao hufundishwa kwamba maana yake ni kipaji. Ndivyo, lakini yafaa tujue lilikotoka. Kwa Kiyunani "talanton" ilikuwa mizani, kisha uzito upimwao, kisha fedha ya uzito huo. Talanta moja ya Athene ilikuwa kama kilo 26 za fedha, yaani drakma 6,000. Na drakma moja ilikaribia ujira wa siku moja. Maana ya kipaji ilizaliwa baadaye, kutokana na mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Kiingereza kikaipokea katika karne ya 15. Neno letu "talanta" nalo lina maana hizo mbili, fedha na kipaji.

Basi yule mtumishi aliyepewa moja tu hakupewa kidogo: alikabidhiwa ujira wa siku 6,000, yaani zaidi ya miaka 16. Kwa hiyo twawasihi wazazi wasimwambie mtoto aliye wa mwisho darasani kwamba hana kitu. Anayo talanta yake, tumsaidie asiifukie.