Somo: Kutembea katika Bonde la Teleki, Mlima Kenya

Apandaye Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, akiisha kupita msitu na ile miteremko ya matope yachoshayo miguu, huingia Bonde la Teleki, liitwalo kwa jina la Mhungari aliyeupanda mlima huo mwaka 1887 asifike kileleni. Hapo twamwonya asifanye haraka. Ni zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na aendaye mbio huumwa kichwa na kutapika, hata hana macho ya kutazama kitu. Akizidiwa, na ashuke mara moja wala asione haya. Wako waliokufa kwa ukaidi.

Aendaye polepole huona mengi. Mbele yake ni vilele vya Batian na Nelion. Kandoni kuta za mawe zilizochongwa na barafu, ambayo zamani ililijaza bonde na leo imebaki kidogo mno huko juu. Tena uko mmea uitwao lobelia, ushikao maji kati ya majani yake. Usiku huyafumba majani kukilinda kichipukizi kisife kwa baridi. Alfajiri tia kidole: juu pameganda, chini yake ni maji.